Willie, Linda, Natalie au Gaga: uanze na albamu gani ya zilipendwa za jazz?

Albamu za namna hii ni nyingi kupita kiasi. Mwimbaji aliyejijengea jina kwenye kantri, roki au pop anaziweka nyimbo zake kando na kurekodi zilipendwa za Marekani za miaka ya 1920 hadi 1950: tungo za akina George Gershwin, Irving Berlin, Cole Porter, Hoagy Carmichael na Duke Ellington, ambazo wanamuziki wa jazz wamezipiga na kuzipigapiga mpaka kila mpiga piano wa hoteli anazijua kwa moyo. Chache kati ya albamu hizo ni lulu. Nyingi zinafaa kuchezwa ndani ya lifti.

Hapa nalinganisha nne: *Stardust* ya Willie Nelson (1978), *What's New* ya Linda Ronstadt (1983), *Unforgettable... with Love* ya Natalie Cole (1991) na *Cheek to Cheek* ya Lady Gaga na Tony Bennett (2014). Nyingine nitazipitia mbiombio mwishoni. Waliokulia na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe wasitarajie gitaa la kuwainua watu vitini. Huu ni muziki wa kukaa na kusikiliza, labda isipokuwa pale Gaga na Bennett wanapochangamka.

Jambo moja kwanza. Jina kubwa kwenye jalada halitakusaidia kuchagua. Geuza jalada, au shuka kwenye maelezo ya albamu, utafute jina la aliyepanga muziki. Sauti ya mwimbaji huenda unaijua tayari. Usichokijua ni nani aliyeamua filimbi ziingie wapi na besi inyamaze lini, na kwenye nyimbo hizi huyo ndiye mwenye shughuli. Baada ya hapo jiulize: aliyebadilika ni mwimbaji, au ni wimbo?

Willie na Linda

Mwaka 1977 Willie Nelson alikuwa kinara wa kantri ya waasi, ndevu na nywele ndefu, na *Red Headed Stranger* ya 1975 ilikuwa imemtoa kimasomaso. Huko Malibu, California, aliishi jengo moja na Booker T. Jones, mpiga ogani wa Memphis aliyetikisa redio mwaka 1962 kwa kibao cha *Green Onions*. Willie akamwomba ampangie wimbo mmoja, *Moonlight in Vermont*. Alipousikia ulivyotoka, akamkabidhi albamu nzima. Wakubwa wa kampuni yake ya kurekodi waliguna. Hawakuona nani atamsikiliza mtu wa Texas mwenye kitambaa kichwani akiimba Irving Berlin. Ikauza nakala zaidi ya milioni tano Marekani peke yake. *Georgia on My Mind* na *Blue Skies* zikashika namba moja kwenye chati ya kantri, na albamu yenyewe ikang'ang'ania chati hiyo kwa takriban miaka kumi.

Kinachoshangaza ukiisikiliza ni uchache wa vitu vilivyomo. Bendi ni ileile aliyozunguka nayo: dada yake Bobbie kwenye piano, Mickey Raphael kwenye harmonika, na Willie mwenyewe na lile gitaa lake chakavu la nyuzi za nailoni analoliita Trigger. Booker T. anatia ogani, na pale violini zinapoingia zinakaa nyuma, hazisukumi mtu. Willie hajabadilika hata chembe. Anaimba vilevile, puani kidogo, akichelewa nyuma ya mdundo mpaka unadhani amepotea, halafu anaukamata mwisho wa mstari kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndivyo wafanyavyo waimbaji wa jazz, na yeye alikuwa akifanya hivyo miaka yote. Sema tu wapenzi wa kantri hawakuwa na sababu ya kumwita mwanajazz.

Kwa aliyelelewa na mashairi ya vina na mizani, *Moonlight in Vermont* ina jambo la kuchokonoa. Mashairi yake hayana vina. Ni picha tupu za majani, theluji na mwanga wa mwezi, na wimbo unakwenda vizuri mno kiasi kwamba unaweza kuusikiliza miaka bila kugundua. Willie anauimba polepole, akiacha nafasi kati ya picha moja na nyingine, na hapo ndipo pengo la vina linapojitokeza. Kwangu ndio wimbo bora wa albamu, ingawa redio daima zimependelea *Georgia*.

Linda Ronstadt alikwenda njia iliyo kinyume kabisa. Miaka ya 1970 alikuwa miongoni mwa sauti kubwa za roki ya California. *You're No Good* ilifika namba moja mwaka 1975. Jaribio lake la kwanza la kurekodi zilipendwa, mwaka 1981 na mtayarishaji Jerry Wexler, aliliacha kabatini. Kisha akamtafuta Nelson Riddle. Huyu ndiye aliyepanga muziki wa *In the Wee Small Hours* (1955) na *Only the Lonely* (1958) za Frank Sinatra, na ndiye aliyepanga *Unforgettable* ya Nat King Cole mwaka 1951. Kufikia miaka ya 1980 mitindo ilikuwa imempita. Kampuni ya Linda nayo haikupendezwa, ikiona anachezea ugali wake. *What's New* ikapanda hadi namba tatu kwenye chati ya Marekani na kuuza zaidi ya milioni tatu. Riddle akachukua tuzo ya muziki ya Grammy kwa jinsi alivyoupanga wimbo uliobeba jina la albamu. Walifanya albamu tatu pamoja kabla mzee hajafariki Oktoba 1985, na ya tatu, *For Sentimental Reasons*, ilitoka yeye akiwa ameshazikwa.

Hapa aliyebadilika ni mwimbaji. Linda ameacha ukali wa roki, anaimba noti kama ilivyoandikwa, inanyooka kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila kuchelewa wala kuchepuka. Wakosoaji wa jazz walilalamika kwamba haimbi kijazz. Ni kweli, haimbi kijazz. Lakini unyoofu huo una faida yake: ukitaka kuujua wimbo wenyewe ulivyo, kabla watu hawajaanza kuuchezea, mwalimu mzuri kama huyu humpati kirahisi. Na nyuma yake Riddle anafanya mambo. Alikuwa mpiga tromboni tangu ujana, aliwahi kupiga kwenye bendi ya Tommy Dorsey, na alijua kuzitumia ala za pumzi kwa sauti ya chini kabisa, tromboni zikinong'ona chini ya filimbi huku violini zikisubiri zamu yao.

Sasa chukua wimbo mmoja uliomo kwenye albamu zote mbili, *Someone to Watch Over Me*. Gershwin aliutunga kwanza uwe wa haraka, wa kuchezwa, akaja kugundua kwamba ukipunguzwa mwendo unageuka kitu kingine. Ulianza kuimbwa mwaka 1926 katika igizo la muziki la *Oh, Kay!*, na mwigizaji Gertrude Lawrence aliuimba peke yake jukwaani akiwa ameshika mwanasesere. Ni wimbo wa mtu anayetamani kuwa na wa kumtunza.

Linda ameuweka katikati ya albamu, ukiwa wa mwisho upande wa kwanza wa santuri. Unamsikia binti: sauti safi, kubwa, iliyozuiliwa isifurike. Orkestra inamzunguka kama inamlinda yeye mwenyewe, na akifika kwenye noti za juu unajua anazo akiba nyingine ambazo hazitumii. Willie ameuweka mwishoni kabisa, wimbo wa kumi kati ya kumi. Unamsikia mwanamume wa makamo, aliyeshaachika na kuoa tena, anaomba kitu kilekile bila aibu, na gitaa linamjibu kwa maneno machache. Maneno yaliandikwa kwa ajili ya mwanamke na yeye hayabebi kwa mbwembwe zozote. Kwenye toleo la Linda unausifu wimbo. Kwenye la Willie mimi huwa nausahau wimbo, nabaki na mtu.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili, swali la kwanza si la ladha, ni la vyombo. Kama unasikilizia kwenye spika ya simu, jikoni, sufuria zikigongana, chukua Willie. Sauti, gitaa na harmonika vinapenya popote. Albamu ya Linda kwenye spika ya simu inakatwa nusu: zile tromboni za chini hazisikiki, besi inapotea, na kinachobaki ni mwanamke anaimba juu ya ukungu wa violini. Itafutie spika za maana, au zile za kuvaa masikioni zenye besi ya kweli, na usiku uliotulia. Zote mbili ni fupi, hazifiki dakika arobaini, kwa hiyo hata bando halitalia.

Na kama Kiingereza cha kuimbwa kinakupa tabu, Linda ni rafiki zaidi. Kila silabi inasikika. Willie humeza miisho.

Natalie, au albamu ya kumpa mzazi

Natalie Cole alikuwa na mzigo ambao wengine hawakuwa nao. Baba yake, Nat King Cole, alifariki Februari 1965 Natalie akiwa na miaka 15. Alipotoka kimuziki mwaka 1975 na *This Will Be* alishika njia ya soul, na kwa miaka mingi alikwepa kutengeneza albamu ya nyimbo za baba yake, asije akaonekana anaishi kwa jina la marehemu. Mwaka 1991 akazirekodi kwa mkupuo: nyimbo 22, zaidi ya saa nzima. Na mwishoni akaweka wimbo ambao kila mtu anaujua, *Unforgettable*, sauti yake ikiunganishwa studio na sauti ya baba iliyorekodiwa zamani, wakipokezana mistari.

Mwaka 1992 Grammy zilimiminika: albamu bora ya mwaka, rekodi bora ya mwaka, na tuzo ya wimbo bora ikaenda kwa Irving Gordon, aliyeutunga miaka arobaini kabla. Marekani peke yake albamu imeuza nakala zaidi ya milioni saba.

Niseme wazi: ule wimbo wa baba na binti ndio ulioiuza albamu, lakini siyo sababu nzuri zaidi ya kuinunua. Uunganishaji wa sauti ni wa ustadi, unagusa, lakini ukishausikia mara kadhaa unajua unakokwenda. Utamu uko kwenye nyimbo nyepesi ambazo watu huziruka: *Orange Colored Sky*, *Avalon*, *Straighten Up and Fly Right*. Hapo Natalie anacheza na mdundo kwa namna ambayo Linda hakuthubutu, anacheka ndani ya noti, na bendi inachapa. Kati ya wote wanne yeye ndiye anayeelekea kuzaliwa humo, na kwa kweli alizaliwa humo.

Udhaifu wake ni urefu, na wingi wa mikono. Watayarishaji walikuwa watatu, Andre Fischer, David Foster na Tommy LiPuma, na wapangaji lukuki, hivyo rangi inabadilika kutoka wimbo hadi wimbo. Linda na Riddle wana chumba kimoja chenye taa moja. Kwa Natalie unatembezwa ghorofa nzima. Kwa mtu anayeanza, hilo si baya hata kidogo: mahali fulani humo utakuta chumba unachokipenda. Ndiyo maana ukitaka zawadi kwa mtu usiyejua anapenda nini, hasa mzazi aliyekuwa na redio ya mbao sebuleni, hii haikosei.

Gaga na Bennett

Tony Bennett hakuwa mgeni wa nyimbo hizi. Ni nyumbani kwake. Mgeni ni Gaga. Walikutana New York mwaka 2011 kwenye hafla ya hisani, wakarekodi *The Lady Is a Tramp* kwa albamu ya Bennett ya mwaka huohuo, na mwaka 2014 wakatoa *Cheek to Cheek*. Iliingia moja kwa moja namba moja Marekani, Bennett akiwa na miaka 88, akivunja rekodi aliyokuwa ameiweka mwenyewe ya mwimbaji mzee kuliko wote kufika hapo.

Faida ya albamu hii ni kwamba mwenye nyumba yupo. Willie, Linda na Natalie wanaimba na kumbukumbu. Gaga anaimba na mtu aliye hai anayemjibu. Mzee anaingia kwa sauti ya kukwaruza kidogo, anatupa mstari, na binti lazima audake. Nyimbo zenye mwendo ndizo tamu, *Anything Goes* na *It Don't Mean a Thing*, na vijana wanaomjua Gaga kwa *Poker Face* wataanzia hapa bila kusukumwa. Shida ni kwamba Gaga hupenda kutuonyesha kuwa anaweza. Anasukuma sauti pale ambapo Bennett angeongea tu.

Miaka saba baadaye, mwaka 2021, ikatoka *Love for Sale*, yote ya Cole Porter. Bennett alikuwa ameambiwa tangu 2016 kuwa ana ugonjwa wa Alzheimer, familia ikatangaza Februari 2021, na Agosti hiyo akaimba na Gaga usiku mbili za mwisho kwenye ukumbi wa Radio City, New York. Alifariki Julai 2023 akiwa na miaka 96. Kimuziki naiona hii ya pili kuwa bora: Gaga ametulia, anamsubiri. Lakini Cole Porter ni mtunzi wa michezo ya maneno, *It's De-Lovely* yote imejengwa juu ya mzaha wa silabi moja, na kwa msikilizaji ambaye Kiingereza si lugha yake nusu ya raha inampita pembeni. Anza na ya 2014.

Mtihani wa Lush Life

Ukitaka kuwapima waimbaji hawa kwa haraka, tafuta *Lush Life*. Billy Strayhorn alianza kuutunga akiwa kijana Pittsburgh, kabla hajaonana na Duke Ellington mwaka 1938. Unasimulia mtu aliyevunjika moyo anayejizika kwenye mabaa. Utangulizi ni mrefu, na sauti inatakiwa kupanda na kushuka kwa nusu-hatua mahali ambapo sikio halitarajii. Sinatra mwenyewe aliujaribu mwaka 1958, kwa mpangilio wa Riddle, akauacha njiani. Robo karne baadaye Riddle huyohuyo aliupanga kwa ajili ya Linda, kwenye albamu yao ya pili ya 1984, na albamu ikapewa jina la wimbo huo.

Linda anaupita mtihani kwa usafi: kila noti iko mahali pake, ila mlevi haonekani. Natalie anaukuta wimbo ambao baba yake aliurekodi mwaka 1949, na anauimba kwa upole wa mtu aliyeusikia tangu utotoni. Mlevi yupo, amevaa vizuri. Gaga, peke yake kwenye *Cheek to Cheek* bila Bennett, anauigiza. Kila mstari una uso wake. Watu wawili ninaowaheshimu kwa masikio yao hawaelewani kuhusu huyo wa tatu: mmoja anasema ndiye pekee anayeyaamini maneno, mwingine huzima katikati. Mimi nampa Natalie, kwa nukta chache. Willie hakuugusa kwenye *Stardust*, na nadhani alijua kwa nini.

Hizo nyingine

Rod Stewart alitoa mfululizo wa albamu tano kati ya 2002 na 2010. Ziliuzwa sana, ya tatu, *Stardust* ya 2004, ilifika namba moja Marekani na kumpatia Grammy yake ya kwanza. Ukisikiliza moja umesikiliza tano: mwendo uleule, violini zilezile, sauti inayokwaruza kistaarabu. Kwa chakula cha jioni chenye wageni wanaoongea, hakuna bora kuliko hizi, na sisemi hivyo kwa kejeli.

Bob Dylan, *Shadows in the Night* (2015), ni kinyume chake. Nyimbo kumi ambazo Sinatra aliwahi kurekodi, kwenye studio zilezile za Capitol, bila orkestra ya violini: badala yake kuna bendi yake ya safarini na lile gitaa la kulazwa la kantri linalolia taratibu. Sauti yake imechakaa, tena sana. Kama umempenda Willie, hatua inayofuata ni hapa. Kama Willie alikuudhi, ipite bila kugeuka nyuma, na usikaribie kabisa *Triplicate* ya 2017, ambayo ni diski tatu za jambo hilohilo.

Kisha kuna Joni Mitchell, *Both Sides Now* (2000), ambayo nimeiacha nje ya zile nne kwa makusudi. Orkestra ni kubwa, mpangaji ni Vince Mendoza, wanajazz Herbie Hancock na Wayne Shorter wamealikwa, na nyimbo zimepangwa zifuate penzi moja tangu linapowaka mpaka linapozimika. Joni alikuwa na miaka 56, sauti yake ikiwa imeshuka kwa umri na sigara, na mwishoni anarudia wimbo wake mwenyewe aliourekodi kwa sauti ya kitoto mwaka 1969. Ni albamu kubwa kuliko zote nilizotaja, na ni mahali pabaya pa kuanzia. Inakudai uwe tayari unajua *Stormy Weather* na *You've Changed* zinavyoimbwa kwa kawaida, ndipo uone alichozifanya.

Kwa hiyo mpangilio wangu, kwa anayeanza leo na simu na bando la wiki: *Stardust* ya Willie kwanza, kisha nyimbo sita au saba za Natalie za kuchagua, kuanzia zile nyepesi. Ukipata spika nzuri ndipo umfuate Linda, na umpe usiku mzima bila kuongea na mtu. Gaga na Bennett waweke kwa safari za gari. Aliyeshazijua hizi nyimbo kwa Sinatra au Ella Fitzgerald anaweza kuniruka mimi na wote hao, aende kwa Joni moja kwa moja.